Perege Walioshika Sabato

Samaki wa Ziwa Isangeni walikuwa Wasabato. Nakiete alizitazama namba mara tatu, akafuta kioo cha mashine kwa upindo wa khanga, akazitazama tena, na namba hazikubadili dini. Kila Jumamosi perege walipungua ziwani kama waumini waliokwenda kusali. Karibu kila Jumapili, kuanzia saa mbili asubuhi, walirudi kwa kishindo, maradufu, wakabaki wengi mpaka Jumanne, kisha wakaanza kufifia taratibu.

Alicheka peke yake, kisha akaacha kucheka.

Kituo chake kilikuwa chumba kimoja cha zege mwishoni mwa gati, mahali pekee ambapo matete hayakuwa yamelimeza ziwa. Chini ya gati hilo, na sehemu nyingine nane kuzunguka ziwa, zilikaa pua. Ndivyo watu wa Isangeni walivyoiita ile mirija ya kunusa maji, na jina lao lilikuwa bora kuliko lile la kwenye makaratasi. Kila robo saa pua ilivuta kikombe kimoja cha maji, ikakipitisha kwenye chujio jembamba kuliko ngozi ya kitunguu, ikatafuta chembe alizoacha samaki: ute, gamba, kinyesi. Samaki hapiti majini bila kuacha kitu, kama mgeni asivyopita Isangeni bila kuacha habari. Kutokana na chembe hizo mashine ilikadiria wako wangapi. Haikuwahi kumwona hata samaki mmoja. Ilikuwa kama mtu aliyesimama nje ya ukumbi akikisia idadi ya wageni kwa makelele yao.

Na makelele yalikuwa makubwa. Ubao wa taa uliosimama ufukweni, unaosomeka hata na wanaoteka maji ng'ambo, ulionyesha kwa kijani: WENYEJI 4,120.

Mwenyeji ndiye perege wa asili wa ziwa hilo, mwenye mstari mweusi mkiani, asiyepatikana ziwa lingine lolote duniani. Waliobaki kwingine walikuwa wale wa kufugwa kwenye matangi ya mjini.

Kioo kililia. Dakta Lwitiko, mkuu wake, alitokea kiooni akiwa na kikombe cha chai na kola iliyopinda.

"Shikamoo, Dakta."

"Marahaba, mama. Kadirio la Isangeni silioni. Ijumaa saa kumi na mbili jioni dirisha la kupokea makadirio linafungwa."

"Kuna kitu kinanitatiza. Namba zinapanda kila Jumapili."

"Upepo huo. Au boti za watalii."

"Watalii, Dakta? Mtalii wa mwisho kufika hapa alikuwa amepotea njia."

Lwitiko alicheka mpaka chai ikatikisika. "Basi hayo yahesabu kuwa makelele tu, namba zinazoyumba bila sababu, uendelee. Kadirio lako ni elfu nne na ushei. Mpaka wa sheria ni elfu moja. Hata ukikosea nusu, bado uko juu. Weka saini, Nakiete. Watu wamengoja miaka kumi na moja kutia nyavu majini. Usiwacheleweshe kwa sababu samaki wako wanapenda Jumapili."

Akakata. Nakiete akabaki na kalamu mdomoni. Hesabu ilikuwa kazi yake tangu alipotoka chuoni, na katika kazi hiyo alijifunza jambo moja kuhusu makelele: makelele ya kweli hayana kalenda.

*

Nyumba ya Shangazi Namsifu haikuwa na kiti kitupu. Ukikuta kimoja, ujue mwenyewe yuko uani anakoroga kitu. Siku hiyo ya Jumatano, adhuhuri, palikuwa na wanawake watano wakichambua mchele, mpwa mmoja aliyekuja kukaa wiki mbili na sasa ulikuwa mwezi wa nne, na Eliamani, mwenyekiti wa wenye nyavu, aliyedai amepita kusalimia na alikuwa na sahani ya pili mapajani.

"Mtaalamu wetu huyo!" Eliamani alisema kabla Nakiete hajavua viatu. "Jumatatu tunaingia, au siyo? Wavu wangu nimeushona upya mpaka mke wangu ana wivu nao."

"Mwache mtoto ale kwanza," alisema Shangazi. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya ziwa. Ndiye aliyekuwa mpishi mkuu wa harusi zote za Isangeni, na harusi isiyopikwa naye ilisemwa kwa sauti ya chini, kama ajali. "Naki, kaa hapo. Mbona uso umekuwa kama karatasi ya mtihani?"

Nakiete alikaa mkabala na kabati la vyombo. Kabati hilo alilijua tangu utoto. Vioo vyake havikuonyesha vyombo, kwa sababu Shangazi alibandika humo kadi za mwaliko wa harusi, moja juu ya nyingine, miaka na miaka, zenye maua na njiwa na majina ya dhahabu. Mkono wa Nakiete ulikuwa unapeleka ugali mdomoni, ukasimama njiani.

Jumapili. Kila kadi ilisema Jumapili. Isangeni ilikuwa ya Wasabato karibu nyumba zote, na Msabato haoi siku ya Sabato. Huoa kesho yake.

Alinawa upesi, akatoa kitabu chake kidogo, akaanza kulinganisha. Kilele cha tarehe nne: kadi ya Tumsifu na Ndeshi. Kilele cha tarehe kumi na nane: kadi ya waridi, binti wa mwalimu. Alihama na kiti chake kulifuata kabati, huku wanawake wakimtazama na kuacha mchele. Vilele vya kadirio hili vilikuwa thelathini na kimoja. Kadi za kipindi hicho zilikuwa ishirini na tisa.

"Shangazi, mwezi wa saba mwaka jana, Jumapili mbili mfululizo. Palikuwa na harusi?"

Shangazi akakunja midomo. "Hizo ni za wale mapacha wa Kirumbe. Walileta mpishi wa kukodi kutoka mjini. Pilau ilikuwa mbichi, nasikia."

"Mbichi katikati, imeungua chini," aliongeza mmoja wa wachambuzi kwa furaha.

Thelathini na moja kwa thelathini na kimoja. Katika maisha yake yote ya hesabu Nakiete hakuwahi kuona uhusiano safi namna hiyo, na alitamani asingeuona.

"Na katika harusi mnapika nini?" aliuliza, ingawa jibu alilijua. Msabato hali kambare, kwa kuwa samaki huyo hana magamba. Karamu ya Isangeni bila mwenyeji aliyekaangwa mzima si karamu, ni kikao.

"Perege, mwenyeji. Kutoka matangini, maana ziwani mmetukataza."

"Mnawaoshea wapi?"

Walimtazama. Hawakuwa na hatia usoni, walikuwa kama watu wanaoulizwa jambo ambalo hata kitoto kinalijua.

"Gatini kwako, mwanangu. Pengine pote ni matete," alisema Shangazi. "Yule samaki kazaliwa ndani ya plastiki. Hajawahi kuliona ziwa la babu zake. Je, umle tu hivyo, kama mkimbizi? Hapana. Tunampeleka ziwani asubuhi, tunamwosha pale, magamba na utumbo tunaviacha majini, alale kwao. Ndipo tunampika. Tulianza mwaka ule ule mlipofunga uvuvi. Hujui kwa sababu Jumapili asubuhi unalala."

Nakiete alilitazama kabati. Samaki mia tatu kwa harusi, mara thelathini na moja. Pua zilikuwa zimenusa karamu.

*

Alhamisi hakwenda kula. Alifunga mlango wa kituo akarudia hesabu yote.

Ilikuwa kazi ya kutenganisha sauti mbili zilizoimbwa pamoja. Alitupa kila siku iliyokuwa ndani ya siku tano baada ya harusi, maana chembe za samaki huchukua muda huo kuoza majini. Zilibaki Jumamosi chache tu, na wiki mbili za mavuno ambazo watu hawakuoana, na siku za masika barabara ilipokatika na samaki wa tangi wasifike. Data ilikuwa ndogo, imechakaa kama nguo ya kazi, lakini ilikuwa ya ziwa lenyewe. Akaiambia mashine ikadirie upya. Mashine ilitafakari muda wa kuchemka sufuria ya chai.

Mia saba na arobaini. Huenda wakawa wachache kama mia tano na ishirini, huenda wakafika elfu moja na sitini. Uwezekano kwamba wamevuka elfu ulikuwa nne kwa mia.

Alitoka akakaa gatini, miguu juu ya maji. Ziwa lilikuwa tulivu, la rangi ya chuma kipya. Upande wa juu, bondeni, lilionekana lango la mto, na pembeni yake bomba kubwa lililolazwa tangu zamani kuelekea mjini, tupu, likingoja. Sheria ilikuwa rahisi, na ndiyo maana ilikuwa ngumu. Mvua zilipopungua, ilikubaliwa kwamba maji yabaki pale penye samaki wa asili walio hai, ili viumbe wasiishe. Ziwa lenye wenyeji zaidi ya elfu lilishika maji yake miaka mitatu hadi kadirio lingine, na watu wake wakanufaika nalo. Ziwa lililoshuka chini ya hapo lilihesabiwa limekufa: samaki waliobaki walihamishiwa matangini, lango likageuzwa, bomba likashiba.

Akitia saini elfu nne, kijiji kingebaki na maji miaka mitatu. Lakini Jumatatu, kadirio likiwa la pili mfululizo juu ya mpaka, nyavu zingeingia na kibali cha kuvua mia sita, kati ya mia saba na arobaini.

Akitia saini mia saba na arobaini, nyavu zisingeingia. Na baada ya siku tisini za pingamizi, bomba lingefunguliwa.

Jioni, jua likiwa bado juu ya milima, Shangazi Namsifu alikuja na chakula kwenye hotipoti, Eliamani nyuma yake. Nakiete alikuwa ameapishwa kutosema kadirio la mwisho kabla ya saini. Aliwaambia. Alimwambia mwanamke aliyemlea, na mtu ambaye nyavu zilikuwa zake, akawaapisha wasiseme kwa mtu.

Eliamani alikaa chini polepole, kama mtu anayejaribu kiti kibovu. "Mia saba? Na mimi nimewaona kwa macho yangu wakiruka."

"Umeona kumi wakiruka, baba. Wanaoruka si kipimo."

"Kwa hiyo," alisema Shangazi, "miaka mitatu hii, aliyetushikia maji ni nani?"

"Harusi zenu."

Shangazi alicheka, kicheko kifupi kisicho na meno, kisha akafunika mdomo kwa upande wa khanga. Kisha akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo Nakiete aliijua kuwa ndiyo ya hatari kuliko ile ya kuita ng'ambo.

"Naki, samaki hawana shamba la vitunguu. Hawana mgonjwa wa kuogesha. Hapa kuna kaya mia mbili na kumi na mbili. Weka saini ile namba kubwa. Sisi tutaziacha nyavu juu. Tutaapa. Maji yabaki, na samaki wako wabaki."

"Naapa mimi wa kwanza," Eliamani akasema, ingawa alimeza mate.

Nakiete alichukua kipande cha mkaa wa jiko akaandika kwenye zege. "Shangazi, tazama. Tuseme kila kaya nikiiamini sana, mara tisini na tano kati ya mia itatimiza ahadi miaka mitatu. Kaya moja, sawa. Kaya mbili, zidisha. Tatu, zidisha tena. Ukifika ya mia mbili na kumi na mbili, uwezekano kwamba wote wametimiza ni mara mbili katika laki moja. Nikiwaamini tisini na tisa kwa mia, kama malaika, ni kumi na mbili tu kwa mia. Mmoja ataloweka wavu. Akiloweka mmoja, wa pili atasema mbona yule."

Shangazi aliinamia ile hesabu, akaitazama kama anavyotazama wali wa mpishi mwingine.

"Hiyo hesabu yako inadhani kila mtu amejifungia chumbani kwake."

"Ndiyo. Tunasema hawategemeani."

"Hapa? Mwanangu, hapa Eliamani akipika mchicha, nyumba ya tatu wanajua kama ametia karanga."

"Sijatia," alisema Eliamani.

"Unaona? Na sote tunajua kwa nini. Hapa mtu hawezi kuloweka leso bila kuulizwa amelilia nini, ndiyo aloweke wavu? Wewe unahesabu ahadi mia mbili. Mimi nakwambia ni ahadi moja ina macho mia nne."

Nakiete aliweka mkaa chini. Mwalimu wake wa chuo angeandika sentensi hiyo ubaoni, na pembeni angeweka alama ya vema. Dhana ya kutotegemeana ilikuwa imevunjika mbele yake, na aliyeivunja alikuwa ameshika hotipoti. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, uongo ule ulionekana kuwa kitu ambacho mtu mwema angeweza kukifanya.

"Nipe mpaka kesho," alisema.

*

Ijumaa asubuhi alipanda kijijini kuchota maji ya kunywa. Wanawake wa bomba la kijiji walimpisha mbele ya foleni, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Pole, dada," alisema wa kwanza.

"Pole ya nini?"

"Ya hizo mia saba na arobaini."

Ndoo nusura imdondoke. Alikuwa amewaambia watu wawili, na jua lilikuwa limezama na kuchomoza mara moja tu.

"Lakini usijali, sisi hatusemi," alisema wa pili. "Tumekubaliana. Hakuna atakayejua." Na watu kumi na wanne waliokuwa kwenye foleni wakaitikia kwa vichwa kwamba hakuna atakayejua.

Hakuwa amefika mbali alipopitwa na gari la matangi, lile lililoleta perege wa harusi ya keshokutwa. Dereva, mtu wa mjini, alitoa kichwa dirishani. "Eti, sista, ni kweli samaki mmebakiwa na mia saba, ila mnafanya siri?"

Nakiete aliliacha lile gari lipite na vumbi lake. Alikuwa hana haraka. Hofu ya kukamatwa ilimpita upesi. Alijua makaratasi yangeweza kumlinda, makosa ya makadirio hayamfungi mtu. Kilichomsimamisha njiani kilikuwa kingine, na alikitembeza mpaka uani kwa Shangazi, ndoo ikiwa bado kichwani.

Shangazi alikuwa anakatakata vitunguu vya Jumapili ili Sabato isimkute na kazi. Eliamani alikuwapo, kwa kusalimia.

"Nani kasema?" Nakiete aliuliza.

Walitazamana. "Mimi nilimwambia mke wangu tu," Eliamani alisema. "Mke si mtu, ni mwili mmoja."

"Mimi sikumwambia mtu," alisema Shangazi. "Niliomba kwa sauti, wakati wa maombi ya jioni, ndani ya nyumba yangu."

"Nyumba yako ina watu tisa, Shangazi."

"Walikuwa wamefumba macho."

Nakiete aliitua ndoo. Hakucheka, ingawa mwili ulitaka. "Sikilizeni. Jana ulinishinda kwa hoja, Shangazi, na nimelala nayo. Ni kweli, nyavu zitalindwa na midomo. Sasa chukulia nimeweka saini ya uongo. Mwezi wa tatu, mtu mmoja analoweka wavu. Mnamwona. Mnamwendea. Naye anawaambia nini?"

Kisu cha Shangazi kilisimama katikati ya kitunguu.

"Anasema: nisemeni, nami nitasema. Niacheni nivue samaki kumi wangu, au nipande gari niende mjini nikaitaje namba ya kweli. Na mtamwacha. Mtafumba macho kama kwenye maombi. Na wa pili akivua mtamwacha vilevile. Midomo hii ndiyo ulinzi wote tulio nao, Shangazi. Uongo ndio kitu pekee kinachoweza kuifunga."

"Na ukweli unatupa nini?" Shangazi aliuliza. Macho yake yalikuwa na maji, na mtu angeweza kusema ni vitunguu. "Bomba?"

"Siku tisini. Tukionyesha kwamba ziwa linalindwa na watu wake, Bodi inayogawa maji inaweza kutuachia yetu."

"Inaweza. Maziwa mangapi yameachiwa?"

Alikuwa na hakika Shangazi angeuliza. "Yameshushwa chini ya mpaka maziwa kumi na saba. Yameachiwa mawili."

Shangazi alirudi kwenye kitunguu, akakimaliza, akachukua kingine. "Mawili," alisema. "Na wewe una kazi mjini. Bomba likifunguka, utaoga maji yetu."

Neno hilo lilimwingia Nakiete mbavuni na likakaa humo. Alichukua viatu vyake akashuka ziwani.

Saa kumi na moja na nusu alimpigia Dakta Lwitiko, akamweleza yote, kuanzia kadi za harusi. Lwitiko alisikiliza bila chai.

"Kadirio la miaka mitatu iliyopita," alisema mwishowe, "lilikuwa na vilele vya Jumapili vilevile. Niliviona. Nikaandika upepo."

"Najua, Dakta. Saini ni yako."

"Ungeweza kunyamaza. Ningekushukuru na nisingejua kwa nini." Alijishika kola, akainyoosha, ikapinda tena. "Weka jina langu kwenye maelezo ya kosa. Lisiwe la wale akina mama."

Saa kumi na mbili kasoro dakika nne Nakiete aliweka kidole gumba kwenye kioo. Ufukweni, ubao wa taa ulizimika, ukafikiri, ukawaka mwekundu: WENYEJI 740. Kutoka kijijini haikusikika kelele yoyote. Kisha, jua lilipogusa mlima, zilianza nyimbo za kuipokea Sabato, nyumba baada ya nyumba, na hazikuwa za chini wala za juu kuliko wiki nyingine.

*

Siku mbili Shangazi hakumsemesha. Alimpakulia, akamwekea sahani, akamgeuzia mgongo. Harusi ya Jumapili ilipikwa. Perege walioshwa uani, kwa maji ya ndoo, na bibi harusi alilia zaidi ya kawaida, watu wakasema ni kwa sababu hiyo.

Jumatatu asubuhi Nakiete alifungua fomu ya pingamizi. Ilikuwa ndefu. Ukurasa wa kwanza ulitaka vielelezo vya kila siku kwamba uvuvi umekoma, pamoja na shahidi. Wenzake wa maziwa kumi na matano walikuwa wameweka kamera. Kamera zilikuwa zimeibwa.

Alisikia kishindo cha mtumbwi. Akatoka.

Eliamani alikuwa hatua ishirini kutoka ufukweni, ndani ya mtumbwi wake, wavu mpya umemkalia mapajani kama mtoto wa kubatizwa. Alikuwa anapiga kasia taratibu, akitazama mbele, kwa mwendo wa mtu anayeamini kwamba asipogeuka haonekani.

"Eliamani!"

Sauti haikuwa ya Nakiete. Ilitoka juu, kwenye njia ya bomba la kijiji, na iliifikia ng'ambo ikarudi. Shangazi Namsifu alisimama pale na ndoo yake.

"Nautazama tu kama unazama vizuri!" Eliamani alijibu, bila kugeuka.

"Utazame ukiwa bafuni!" alipiga kelele mwanamke mwingine.

"Eliamani, mkeo anauliza kama huo wavu umekula!"

Milango ilikuwa inafunguka. Watu walitoka na miswaki midomoni, na vikombe, na mzee mmoja na shuka. Waliteremka mpaka ukingoni, wakasimama. Hakuna aliyemtukana. Walimtaja tu jina, mmoja mmoja, kila mmoja kwa sauti yake, kama wanaita mahudhurio. Eliamani alivumilia mpaka jina la arobaini au hamsini. Kisha mtumbwi ukageuka wenyewe, au ndivyo alivyosimulia baadaye, na alipokanyaga nchi kavu alikuwa anacheka kwa aibu na wavu ukiwa mkavu kabisa. Watu waliushika kuhakikisha. Waliupitisha mkono kwa mkono.

Shangazi alikuja gatini, akaketi kwenye ngazi ya kituo, akihema. Alikuwa hajamtazama Nakiete usoni tangu Ijumaa, na hata sasa alitazama ziwa.

"Hiyo karatasi yako inataka nini?"

"Idadi ya nyavu zilizoloa leo."

"Andika sifuri."

Nakiete aliandika. "Na shahidi. Jina la aliyeona."

"Nafasi ni ya majina mangapi?"

"Moja."

"Bodi hiyo haijawahi kukaa na watu," alisema Shangazi. Alivuta khanga, akajifunga vizuri kiunoni, kama anayeanza kupika. "Geuza karatasi nyuma. Anza na mimi. Na ukiandika, Naki, andika vizuri, jina la baba na la babu, wasije wakasema hatupo."

Kufika saa nne walikuwa kwenye ukurasa wa tatu, na watu walikuwa bado wanateremka.